Dirisha la Nne

Haya yalimkuta rafiki yangu Gasper, mkata stika wa Kasulu, anayeunda pia mabasi madogo ya mapambo. Niyubahwe, mama wa Makere, aliagiza mfano wa basi alilofia binti yake.

"Dirisha la nne usilipake rangi, baba. Alikaa pale."

Gasper aliziba madirisha mengine kwa stika yasiingie rangi, la nne akaliacha wazi makusudi, akalipuliza rangi nyeusi.

"Maiti hachungulii nje, mama," Gasper alimwambia alipokuja kulichukua.

Mama aliliacha basi pale, akaondoka. Mvua ikatia giza, umeme ukakatika. Gizani, mashine ya kukatia stika ikaanza kukwaruza yenyewe, taratibu.

Umeme uliporudi, Gasper alikuta stika moja imekatwa. Ilikuwa kichwa cha mtoto mwenye mabutu mawili ya nywele, na ilienea dirisha la nne sawasawa.

Asubuhi ya siku ile ile Careen, binti yake Gasper, alipanda basi la Kibondo, nywele amefungwa mabutu mawili.