Vishindo Vitatu Nyuma ya Nyumba Yangu

Ijumaa ile, jua likiwa limeegemea mlima, nilitoka uani na taa, saa na daftari. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kumwandikia shemeji muda.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Ni mtaalamu wa matetemeko, na hakuna aliyewahi kukaa naye dakika tano bila kuambiwa hivyo. Alichimba shimo la kina cha kiuno nyuma ya nyumba yangu akaweka mashine humo, kwa kuwa kwangu ni mbali na barabara na pametulia.

Mimi nimefundisha darasa la pili miaka thelathini na moja, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyozoea. Tetemeko likitokea nchi ya mbali, mawimbi yake hupita ndani ya dunia. Kwenye mwamba baridi huenda mbio. Kwenye mwamba wa moto huchelewa, kama mtu anayevuka tope. Mashine hupima kuchelewa huko, na wataalamu wakachora kilichoko kule chini kabisa, chini ya ganda la dunia, kinachoupa mlima wetu moto.

Hayo ni mazuri. Ila mtu anaweza kujua kuisikiliza ardhi na asijue kumsikiliza mtu.

Kila Ijumaa akishabadilisha kadi ya kumbukumbu, shemeji husimama shimoni na kukanyaga mara tatu kando ya mashine. Pu! Pu! Pu! Mistari mitatu ikiruka kwenye kompyuta yake, anajua mashine iko macho. Mimi naandika muda, ofisini wakalinganishe.

Wiki ya kwanza alibaki kunywa chai, kompyuta ikiwa wazi mezani, bado imeungwa na mashine kwa waya. Baada ya dakika arobaini na moja, mistari mitatu iliruka tena.

Hakuna aliyekanyaga.

"Ng'ombe," alisema bila kuinua macho.

"Ng'ombe ana miguu minne, shemeji."

"Dada, wewe endelea na vijiti vyako vya kuhesabia. Hizo ni kelele. Ofisini tunazifuta."

Nikaendelea na vijiti vyangu. Kila Ijumaa nilimchelewesha kwa chai huku nikichungulia. Wiki ya pili, dakika ishirini na sita. Ya tatu, kumi na tano. Ya nne, sita. Mtoto yeyote wa darasa langu angeona hesabu hiyo inaelekea wapi. Msomi wetu aliomba sukari.

Basi Ijumaa ile, ya tano, nilimwambia, "Leo usikanyage."

"Kwa nini?"

"Jibu linakaribia. Ukibisha kila wiki kwenye nyumba ya watu, mwenyewe atakuja kufungua."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Usomi wote huu, nije nifundishwe uchawi na mwalimu wa a-e-i-o-u!"

"Mdogo wangu bado anakuhitaji, shemeji. Nakuomba."

"Mdogo wako ana akili. Ndiyo maana hakukuiga."

Nimeona watoto wengi wanaonyoosha kidole kabla swali halijaisha. Huwezi kuwashusha.

Akaingia shimoni. Nyenje walinyamaza, wote kwa mara moja. Ikaja harufu... kama kichwa cha kiberiti kilichowashwa sasa hivi.

Pu!

Pu!

Akainua mguu kwa mara ya tatu.

Pu.

Mguu wake ulikuwa bado juu.

"Dada..." alinong'ona. "Umekanyaga wewe?"

"Mimi niko huku juu."

Alisimama kwa mguu mmoja, mtaalamu mzima, kama mtoto anayeogopa kukanyaga mstari kwenye mchezo. Jasho lilimtiririka.

"Usiushushe. Nipe mkono."

Nilimvuta. Na kitu kilimvuta kwa chini, kwa ule mguu aliousimamia. Hakikuwa na haraka. Kilivuta kwa upole, kama mwenyeji anayemshika mgeni mkono aingie ndani.

Alitoka. Kiatu kimoja kilibaki.

Asubuhi nilichungulia shimoni. Kiatu kilikuwa kimesimama wima kwenye udongo, kamba zimefungwa vilevile. Soli haikuwepo.

Siku hizi shemeji anakaa sebuleni kwake na miguu yote miwili juu ya kiti. Hataki iguse sakafu. Msomi mzima, anabebwa kupelekwa msalani. Mdogo wangu alinipigia simu akilia. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kwanza.

"Anasema kila akishuka, kuna hatua nyingine chini yake," alisema. "Dada, mimi sisikii kitu. Wewe unajua nini?"

Nilimwambia kweli: sijui. Najua kuhesabu tu.

Kisha ofisi yao ikaniandikia barua. Walinishukuru. Rekodi zimesafishwa, kelele zote zimefutwa, matokeo ni mazuri ajabu. Wataweka mashine katika shule kumi na mbili kuuzunguka mlima. Na ili watoto waipende sayansi, wao ndio watakaoijaribu kwa kuruka. Darasa zima. Kwa pamoja. Mara tatu.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani na daftari langu. Nilimfundisha mwenyewe kusoma. Hakulifungua.

"Mwalimu, pumzika," alisema. "Umestaafu."

Wamelichimba shimo lao leo asubuhi, kwenye uwanja wa michezo. Nimesimama nje ya uzio. Watoto wamepangwa duara, wadogo mbele, na mgeni kutoka ofisini anawaonyesha namna ya kukunja magoti. Harufu ya kiberiti imenifikia mpaka huku.

Nimepiga kelele. Wamegeuka, wameniona, wamenipungia mikono.

"Mwalimu! Njoo turuke wote!"

Nimevuka uzio, kwa umri huu, gauni limechanika. Ninakimbia. Wanadhani nimekuja kucheza, na kwa furaha yao wameanza kuhesabu.