Bei ya Haki ya Gari Jekundu

Masuma Jaffer hufungua duka lake la vitambaa saa mbili asubuhi. Duka lipo Uhindini, mjini Mbeya, na nyumba ya familia yake iko nyuma ya duka. Mwezi wa Juni baridi ya Mbeya ni kali. Wateja wa asubuhi huja wamejifunika mpaka masikioni, wananunua haraka na kuondoka.

Mumewe, Sibtain, hukaa kwenye kiti karibu na mlango. Zamani yeye ndiye aliyepanda ngazi kushusha majora ya vitambaa kutoka rafu za juu. Mwaka huo hakuweza tena. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha.

Uani kulikuwa na gari lake. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, lenye milango miwili tu, tena limelala chini. Sibtain alilipenda sana. Kila Jumapili aliliosha mwenyewe, hata kama halikutoka wiki nzima. Lakini kuingia ndani ya gari lile lazima uiname na ukunje magoti. Mara ya mwisho Sibtain alipoingia, alishindwa kutoka. Masuma alivuta mkono mmoja, binti yao Nazia akavuta mwingine. Nazia alicheka. Baba yake naye alicheka, lakini jasho la maumivu lilikuwa linamtoka.

Daktari alisema dawa hazitoshi tena. Sibtain alihitaji kufanyiwa upasuaji na kuwekewa goti la bandia. Familia ilikuwa na akiba, lakini bado walipungukiwa shilingi milioni tisa.

"Baba Nazia, tuuze gari," Masuma alisema.

Sibtain alilifikiria siku mbili. Siku ya tatu, wakinywa chai, akasema, "Haya. Tuuze. Lakini si chini ya milioni ishirini na tano."

"Bei hiyo umeipata wapi?"

"Nililinunua milioni kumi na nane, miaka tisa iliyopita. Halafu nikaweka redio mpya, rimu mpya, viti vya ngozi. Jumlisha mwenyewe."

Habari za gari na goti zikafika kwa dalali mmoja wa magari, aitwaye Lugano. Alikuja siku iyo hiyo. Alisalimia kwa adabu, akalizunguka gari mara moja tu.

"Hii ni namba C, mzee," alisema, akionyesha kibao cha namba. "Watu sasa wanataka namba E. Tena gari liko chini, na barabara zetu mnazijua. Nawapa milioni sita. Nalipa leo."

"Sita!" Sibtain alishangaa. "Unajua rimu hizi nilinunua bei gani?"

"Mzee wangu, rimu hazitibu goti. Fikirieni. Nitapita tena."

Lugano alipoondoka, Masuma alikaa akiwaza. Mumewe anasema ishirini na tano. Dalali anasema sita. Nazia alitafuta kwenye simu akaona matangazo ya magari kama hilo. Moja liliandikwa milioni kumi na saba. Jingine ishirini na moja. Kila mtu alikuwa na namba yake. Masuma, aliyepima vitambaa kwa futi maisha yake yote, hakujua gari linapimwa kwa kitu gani.

Ng'washi ndiye aliyemwonyesha njia. Yeye huuza mchele wa Madibira upande wa pili wa barabara, na mara nyingi huja dukani kununua vitenge.

"Usiuze kwa kukisia, mama Nazia," alisema. "Mimi nilipotaka kuuza pikapu yangu, nilikwenda kwanza kwa fundi Tumpe, kule Mwanjelwa. Yeye hauzi magari wala hanunui. Anakagua, anakwambia ukweli, unamlipa kazi yake. Basi."

Kesho yake walikwenda. Nazia aliendesha gari, mama yake akakaa pembeni. Sibtain alifuata nyuma kwa bajaji, akilitazama gari lake njia nzima.

Fundi Tumpe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa ovaroli ya bluu. Alimletea Sibtain kiti kabla hajaanza kazi. Kisha akaomba kadi ya gari. Alisoma namba ya chesisi kwenye kadi, akafungua boneti, akalinganisha na namba iliyogongwa kwenye bodi.

"Zinafanana," alisema. "Hapa ndipo pa kuanzia. Zisipofanana, hata bei ya bure ni ghali."

"Dalali anasema limezeeka kwa sababu ni namba C," Masuma alisema.

"Hiyo herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haikwambii lilitengenezwa lini. Liangalie lile jeupe pale. Ni namba E, limeingia nchini juzi. Lakini limetengenezwa mwaka mmoja kabla ya hili lenu. Mtu anayenunua herufi anajidanganya."

Tumpe aliwasha injini ikiwa bado ya baridi, akasikiliza. Aliangalia moshi. Alilipandisha gari kwa jeki akaingia chini na tochi. Halafu aliliendesha kuelekea Uyole na kurudi. Aliporudi, alitoa sumaku ndogo mfukoni. Akaifunga kwa kitambaa laini isichubue rangi, akaanza kuipitisha kwenye bodi. Sumaku ilishika mlangoni. Ilishika kwenye boneti. Ilipofika mbele upande wa kushoto, juu ya tairi, ilianguka.

"Hapa chini ya rangi kuna pati," Tumpe alisema. "Fundi alijaza palipobonyea. Gari hili limewahi kugonga."

"Haiwezekani," Masuma alisema. "Gari hili halijawahi kugonga kitu."

Sibtain alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe gani?"

"Barabara ya Chunya. Miaka sita iliyopita. Nilikwambia gari liko gereji, linafanyiwa matengenezo ya kawaida."

"Wiki tatu, Baba Nazia!"

"Wiki tatu."

"Na ng'ombe?"

"Nilimlipa mwenye ng'ombe."

Nazia aligeuka upande wa pili ili asionekane anacheka. Masuma alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Alikuwa na maneno mengi, lakini aliyaweka. Akamgeukia Tumpe. "Haya, fundi. Sasa tueleze bei."

Tumpe alivuta kigoda akakaa.

"Mzee, uniwie radhi. Fedha uliyonunulia haihusiki tena. Mnunuzi halipi kumbukumbu zako. Redio na viti vinalipendezesha gari, linauzika haraka kidogo, lakini havirudishi gharama yake."

"Na hizi bei za kwenye simu?" Nazia aliuliza.

"Hizo ni bei wanazoomba. Kuomba ni kitu kimoja, kupewa ni kingine. Lazima ujue magari kama haya yaliuzwa kwa bei gani kweli, siku za karibuni."

Akachukua simu yake. Alimpigia fundi mwenzake wa Iringa, halafu mtu mmoja wa Makambako aliyeuza gari la aina iyo hiyo miezi minne iliyopita. La Iringa liliuzwa milioni kumi na mbili na nusu. La Makambako liliuzwa kumi na tatu na nusu. Yote yalikuwa mazima, ya miaka ya karibu na hili.

"Basi tuseme gari zima la namna hii ni kama milioni kumi na tatu," Tumpe alisema. "Sasa tuangalie la kwenu. Injini nzuri sana. Mzee umelitunza. Lakini klachi imekwisha, shokapu za mbele zinavuja, na tairi mbili hazifai. Kwa bei za spea za hapa mjini, pamoja na ufundi, ni kama milioni moja na nusu. Mnunuzi atazitoa. Na ni haki yake."

"Na ng'ombe?" Masuma aliuliza.

Sibtain aliinamisha kichwa.

"Walilinyoosha vizuri, chesisi haikupinda. Hata hivyo gari lililowahi kugonga hushuka bei. Toa kama milioni moja. Kwa hiyo bei ya haki ni kati ya milioni kumi na kumi na moja. Haiwi namba moja tu. Ni kati ya hapa na hapa, halafu mnaelewana. Lakini jueni, gari la spoti si la kila mtu. Mkulima wa Kilolo hawezi kulipeleka shambani. Wanunuzi ni wachache, kwa hiyo mtahitaji kusubiri. Dalali anajua hamtaki kusubiri. Ndiyo maana anasema sita."

Jioni Lugano alipita tena. Alipoona hawatikisiki, alipanda mpaka milioni nane.

"Fedha ninayo hapa, mama," alisema, akipapasa mfuko wa koti.

Masuma alimtazama mumewe, aliyekuwa akisugua goti. Milioni nane ilikuwa karibu sana na tisa.

"Asante, kaka Lugano," alisema. "Tutasubiri."

Nazia aliweka tangazo kwenye simu. Alipiga picha mchana, gari likiwa safi, nyingine akapiga tairi zilizokwisha. Aliandika mwaka wa kutengenezwa, aliandika kwamba klachi na shokapu za mbele zinahitaji kubadilishwa, akaandika bei: milioni kumi na moja, maelewano yapo. Kuhusu ajali, baba yake alimzuia.

"Tukiandika hivyo nani atapiga simu?" alisema.

Wiki mbili zikapita. Mmoja alitaka kubadilishana na kiwanja. Mwingine aliuliza kama gari linaweza kubeba magunia. Wa tatu alipanga siku ya kuja, hakuja. Goti la Sibtain lilivimba zaidi. Asubuhi moja hakuweza kufika kwenye kiti chake cha dukani. Siku hiyo Masuma alishika simu ampigie Lugano. Akaiweka chini. Akaishika tena. Kabla hajabonyeza, ikaita yenyewe.

Alikuwa mwanamke anaitwa Veneranda, mpambaji wa harusi kutoka Iringa. Alitafuta gari jekundu la milango miwili la kubebea maharusi. "Harusi zangu ni za mjini, kwenye lami," alisema. "Hili linanifaa. Jumamosi nakuja."

Ijumaa, Masuma na mumewe walikaa kuzungumza.

"Tumwambie kuhusu ng'ombe," Masuma alisema.

"Atakimbia. Na hatuna mwingine."

"Baba Nazia, asipoambiwa na sisi ataambiwa na sumaku. Na ungekuwa wewe unayenunua, ungependa kufichwa?"

Labda Sibtain alikumbuka uso wa mkewe siku ile kwa fundi Tumpe. Mwishowe akasema, "Nitamwambia mimi."

Veneranda alifika akiwa na fundi wake, mzee mmoja mkimya. "Kamwene," alisalimia kwa desturi ya kwao Iringa, akicheka. Wenyeji nao wakaitikia, "Kamwene." Alipoliona gari, macho yake yalimeremeta. Alikuwa tayari ameshika mpini wa mlango Sibtain alipojiinua kwa shida kutoka kwenye kiti.

"Mama, kabla hujaingia, kuna jambo," alisema. "Gari hili nililigongesha. Ng'ombe, barabara ya Chunya. Hapa, upande wa kushoto. Lilitengenezwa, na chesisi ni nzima. Lakini fundi wako akague mwenyewe, usinisikilize mimi."

Veneranda aliachia mpini. Alimtazama fundi wake. Yule mzee alilala chini ya gari karibu nusu saa. Alipotoka, alijifuta mikono.

"Anasema kweli," aliripoti. "Na klachi na shokapu, kama walivyosema."

"Kwa nini umeniambia, mzee?" Veneranda aliuliza. "Rangi inang'aa. Nisingejua."

"Mke wangu naye hakujua, miaka sita," Sibtain alijibu. "Alipojua, niliona haya. Sitaki kuona haya mara ya pili."

Veneranda alicheka. Akasema milioni kumi. Masuma akasema kumi na moja. Hawakupiga kelele. Walinywa chai, wakahesabu pamoja bei ya klachi na tairi, wakakutana kwenye milioni kumi na nusu.

Jumatatu, Nazia aliangalia kama gari linadaiwa faini za barabarani. Deni moja dogo lilikuwepo, wakalilipa. Kisha walikwenda kwa wakili wakaandika mkataba wa mauziano. Veneranda alilipa kupitia benki. Ujumbe ulipoingia kwenye simu, Masuma hakuutegemea ujumbe peke yake. Alikwenda dirishani benki akaulizia, mpaka mhudumu akathibitisha fedha zimeingia. Ndipo funguo zikatolewa. Siku iyo hiyo wakaanza kubadilisha umiliki kwenye mamlaka ya mapato, TRA, ili gari likigonga kitu kesho, lisiwe bado kwa jina la Sibtain.

Gari lilipotoka uani, Sibtain alisimama kwa mkongojo mpaka mlio wake ukapotea. Masuma alisimama naye.

Sibtain alifanyiwa upasuaji mwezi wa Agosti. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Kufikia Desemba alitembea bila mkongojo, na Veneranda alipowaalika kwenye harusi ya mdogo wake Iringa, alipanda ngazi za ukumbi peke yake, taratibu, mkono kwenye ukuta. Nje, gari jekundu lilikuwa limepambwa maua meupe.

Jamaa mmoja wa Veneranda, asiyewafahamu wageni hawa, alilizunguka gari akitikisa kichwa.

"Veneranda, hili ulinunua Mbeya, eti? Walikupiga, walikuuzia ghali?"

"Muulize mwenyewe, huyu hapa," Veneranda alisema.

Yule jamaa aliona aibu. Akamgeukia Sibtain kwa haraka. "Samahani, mzee wangu. Au yeye ndiye aliyekupiga wewe?"

Sibtain alimtazama Veneranda, halafu mkewe.

"Hapana," alisema. "Hakuna aliyepigwa."

Kisha wakaingia ndani, kwa kuwa ngoma ilikuwa imeanza.