Mashine Haitaki Kunywa Maji

Makete kuna baridi ya kugonganisha meno. Ka-ta-ka-ta! Huko ndiko anakoishi Twilumba, na yai lake moja.

Kuku wake alilikimbia yai. Na Twilumba alitaka kifaranga. Alikitaka kweli kweli!

Mama akaleta mashine ya kuangua mayai. Akachomeka waya, akaliweka yai ndani.
"Ti-ti! Joto sawa!" ikasema mashine.

Bibi Sekela akaikagua. Mbele, nyuma, mpaka chini.
"Haina manyoya. Haina mbawa. Itaatamia na nini?"
"Ina joto, Bibi."
"Siiamini ng'o!"

"Ti-ti! Joto sawa!"
"Nani kakuuliza?" akafoka Bibi.

Siku ya kwanza, Bibi akaivalisha sweta.
Siku ya pili, akaiigizia sauti ya kuku. Kwo-kwo-kwo!

Siku ya tano, Bibi akashika kichwa.
"Jamani! Mbona haijashuka kunywa maji? Kuku akiatamia hushuka, akala, akanywa!"

Akachomoa waya. Akaweka bakuli la maji na mahindi kiganja kimoja.
"Haya mama, shuka ule."

Mashine haikushuka.

"Inaona aibu," akanong'ona Bibi. "Tugeuke."
Wakageuka. Wakaangalia ukuta. Wakangoja, wakangoja.

"Ti-ti-ti-ti! Joto limepungua! Joto limepungua!" mashine ikalia kwa betri yake ndogo.

Moyo wa Twilumba, du-du-du!
"Bibi! Yai langu!"

Bibi akaligusa. Lilikuwa linapoa!
"Uwii! Inasema kweli!" Akarudisha waya mbio mbio.

Wakangoja.

"Ti-ti! Joto sawa!"

Bibi akagusa tena. Vuguvugu!
"Mh! Penye baridi inasema baridi. Penye joto inasema joto. Haina unafiki hii."
"Sasa unaiamini, Bibi?"
"Naiamini. Ila kila asubuhi nitagusa."

Na kila asubuhi, akagusa.

Siku ya ishirini na moja. Tok! Tok! Kwaa!
Kifaranga! Kimelowa chapachapa, manyoya yamesimama kama ufagio.

Kilipokauka, kikamtazama Twilumba. Kikaitazama mashine. Kikamtazama Bibi.
"Piu!" Kikakimbilia mapajani kwa Bibi.

"Mimi tena?" Bibi akashangaa.
"Wewe ndiye mama yake!" Twilumba akacheka. "Mimi dada yake!"

Jioni, kifaranga kikalala kwenye paja moja la Bibi. Twilumba akalala kwenye lingine.

Bibi akasikia chafya inakuja. A... a... a...

Akaiziba pua. Kimya.
Watoto wake wamelala.