Viti Vilifika Jumanne

Mjane wa Don Tulio alimkumbatia Yanelba mlangoni, akamshukuru kwa viti.

"Viti thelathini, binti yangu, na pipa zima la barafu! Hakuna mgombea aliyewahi kutufanyia hivyo hapa Hato Seco. Tena vilifika mapema, Jumanne, hatukuhangaika hata kidogo."

Yanelba alikuwa hajatuma hata kigoda. Alimgeukia mjomba wake Chindo, mkuu wa kampeni yake, mtu aliyekuwa refa wa besiboli miaka thelathini na hajawahi kukiri kosa hata moja. Chindo alipandisha mabega.

"Pokea tu," alimnong'oneza. "Umewahi kuona mwanasiasa anarudisha shukrani?"

Akapokea. "Ni wajibu wetu, Donya," alisema kwa heshima, akaingia ndani kuwapa mkono wafiwa mmoja mmoja. Alipofika kwenye jeneza ndipo kitu kilipomkaa vibaya moyoni. Don Tulio alikufa Jumatano alfajiri. Hakuugua. Alianguka akikamua ng'ombe, ndoo ikiwa bado nusu.

Kwetu bonde la San Juan, mgombea asiye na kitu huenda misibani. Wenye nazo hupita na malori ya muziki wakirusha kuku wabichi kwa watu. Asiye nazo huenda matangani, maana huko watu wamekaa tayari na kahawa imechemshwa na mwingine. Yanelba Ogando alikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa darasa la tatu, anagombea ubunge mara ya kwanza kupitia chama kidogo cha Kandili ambacho hakijawahi kupata mbunge hata wa bahati mbaya. Alitaka mfereji wa maharage upate maji tena. Hilo tu. Na misibani alikuwa analia kweli, namtetea kwa hilo mpaka leo, ingawa mengine siwezi kumtetea.

Wiki iliyofuata walikwenda La Guázara, kwa mwanamke wa miaka arobaini aliyelala mzima na asubuhi hakuamka. Mume wake alimshika Yanelba bega.

"Na Mungu akulipe kwa kumtuma yule mzee wako."

"Mzee gani, kaka?"

"Yule mrefu, mwenye kofia ya Kandili. Alipita siku moja kabla. Akasema Yanelba anawasalimu, akampa mke wangu mkono. Mtu wa adabu sana. Ila ananukia udongo, utadhani ametoka kunyeshewa."

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi saba.

Basi ukaja msiba wa tatu, na wa nne, na wa sita. Kila penye msiba viti vilikuwa vimetangulia, na barafu, na yule mzee alikuwa amepita kutoa salamu. Watu waliongezeka. Wale waliokuja kumlilia marehemu walibaki kumsikiliza mwalimu, na waliomsikiliza wakawaambia jamaa zao. Redio ya mjini ikatangaza Kandili ni ya pili. Siku kumi baadaye ikatangaza ni ya kwanza, na mtangazaji mwenyewe akasikika akicheka kwa mshangao. Yanelba alipouliza habari za mzee huyo, Chindo alisema alidhani katumwa na makao makuu. Makao makuu walidhani ni mtu wa Chindo. Wafiwa walijua ni mtu wa Yanelba. Kila upande ulimkabidhi kwa mwenzake, na yeye akapita katikati.

Siku ya tisa ya msiba wa sita, saa sita mchana kamili, walikuwa uani kwa marehemu wakimalizia maombi. Meza ya matanga ilikuwa imetandikwa shuka jeupe, wanawake wanaitikia rozari, kahawa ya tangawizi inazunguka, jua limekaa utosini, na Yanelba alikuwa amefumba macho akiitikia pamoja nao pale aliposikia harufu ya udongo uliolowa, ikija kwanza kidogo, halafu ikapanda mpaka ikaifunika kahawa na mishumaa na jasho la watu wote wale, na alipofumbua macho alimwona ameketi kwenye kiti cha pembeni yake, goti kwa goti, mzee mrefu mwenye kofia ya Kandili ya rangi ya chungwa, uso mkavu kabisa ndani ya joto lile, na nzi waliokuwa wakizunguka vikombe vya wengine wote hawakukisogelea kikombe chake.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

"Mtu wako, Yanelba."

"Sikukuajiri."

"Uliniajiri Januari, kwenye msiba wa yule fundi baiskeli. Watu walikuwa kumi na mmoja, ukavunjika moyo. Mkono wangu ulikuwa wa mwisho. Ukasema, nahitaji watu kama wewe. Nikakuuliza nifanye kazi gani. Ukasema, niletee watu. Ukasema nyumba yako ni nyumba yangu."

"Namwambia kila mtu hivyo!"

"Najua," alisema yule mzee kwa upole. "Wengine hawakuja."

Wanawake waliitikia "utuombee", wala hakuna aliyegeuka. Yanelba aliinamia sikio lake.

"Acha. Nakusihi, acha. Najitoa kwenye uchaguzi."

"Karatasi za kura zimeshachapwa. Picha yako ipo, umependeza." Akainuka, akapita katikati ya wanawake waliobanana, na hakuna aliyelazimika kuvuta sketi yake kumpisha.

Jioni hiyo Yanelba alimweleza mjomba wake yote. Chindo alimsikiliza akila ndizi za kukaanga.

"Umechoka," alisema. "Watu wanakufa, Yanelba. Walikufa kabla hujagombea, watakufa ukishastaafu."

"Wanakufa anakopita yeye, mjomba!"

"Basi nenda kwa Siriaca akakuogeshe majani, ulale. Zimebaki siku tisa. Nimesimama juani miaka thelathini kwa ajili ya michezo ya watu wengine, huu ni wa kwetu, usinivunjie."

Siriaca alikuwa mganga wa njia ya milimani, mama mnene mwenye vitambaa saba kichwani na sigara nene mdomoni. Alimvuta Yanelba mkono wa kulia, akanusa kiganja, kisha akalisukuma beseni lake la majani kwa mguu mpaka ukutani.

"Hayo majani hayana kazi hapa. Jini likikupanda kichwani, nalishusha. Likitupwa na adui, nalirudisha kwa mwenyewe. Hili halikukupanda wala halikutupwa. Hili lina ajira, na aliyeliajiri ndiye anayeliachisha."

"Nilishalikataza, Donya."

"Umelikataza pembeni, kwa kunong'ona. Ulikataze mbele ya wale lililokuletea, kwa mdomo wako. Uwaambie huwataki."

"Nikisema hivyo nimeshindwa uchaguzi."

Siriaca alivuta moshi, akauachia taratibu. "Ndiyo maana wenzako hawasemi," alisema. "Unadhani wewe ni wa kwanza kunyoosha mkono hapa kwangu?"

Sasa sikiliza, maana binti huyu alikuwa na moyo. Alhamisi, siku ya kufunga kampeni, uwanja wa mjini ulifurika mpaka watu wakakaa juu ya mapaa, na Yanelba akapanda jukwaani bila karatasi. Chini, safu ya mbele, palikuwa na kofia moja ya rangi ya chungwa iliyozidi zote urefu. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Msinipigie kura," alisema. "Siwataki. Siitaki kura ya mtu yeyote hapa. Nimepanda juu ya majeneza yenu. Kila nilipoingia kulia, mtu wangu ndiye aliyekuwa ametangulia kuua. Nendeni nyumbani. Mchagueni mwingine yeyote!"

Yanelba alisikia bendera tu zikipepea, akadhani imekwisha, na machozi ya nafuu yakamtoka. Ndipo babu mmoja mfugaji akapaza sauti kutoka nyuma:

"Huyo ndiye! Amekiri! Wale wengine wanatuua na hawasemi!"

Kicheko kikapasuka, kikageuka makofi, makofi yakageuka ngoma, na maelfu ya watu wakaanza kuliita jina lake kwa pamoja, wakinyoosha mikono juu kumwelekea, na kila alivyozidi kupiga kelele kwamba yeye hawataki ndivyo walivyozidi kumpenda, mpaka sauti yake ikakauka, akabaki anatikisa kichwa tu, na hicho kichwa nacho wakakishangilia. Chindo alimpokea chini ya ngazi akilia kwa furaha.

"Umewamaliza," alisema. "Mwanangu, umewamaliza kabisa."

Jumamosi, siku moja kabla ya kura, Yanelba alirudi nyumbani saa tisa alasiri kutoka kwa Siriaca, ambaye safari hii hakumfungulia mlango. Mama yake, Donya Nurys, alikuwa jikoni anakoroga chaká, ule uji mzito wa mahindi na maziwa aliouza miaka yote kumsomesha.

"Naomba baraka, Mama."

"Mungu akubariki. Mgeni wako yuko sebuleni. Nimempa bakuli, hajaligusa, labda anaona haya. Lakini wana adabu watu wako jamani! Amenipa mkono, akauliza hali yangu, kama mtoto wa kumzaa." Alijishika kiganja. "Ila mkono wake ni wa baridi. Mpaka sasa huu wangu haujapata joto. Ngoja nijilaze kidogo."

Yanelba alimshika mama yake huo mkono, akaupuliza, akausugua, akaukumbatia kifuani, na ulikuwa kama samaki wa kwenye barafu. Akamlaza, akamfunika blanketi mchana ule wa jua kali, kisha akaenda sebuleni. Yule mzee alikuwa ameketi mezani, kofia ameiweka gotini.

"Si mama yangu," alisema Yanelba. Alipiga magoti, sioni aibu kulisema. "Nimeshashinda, redio imesema. Unamtakia nini?"

"Redio inasema tofauti ni ndogo." Mzee aliongea taratibu, kama mtu anayefafanua kazi yake kwa mgeni. "Msiba wa mama wa mgombea, asubuhi ya kupiga kura. Hakuna atakayebaki nyumbani. Uliniambia nilete watu."

"Nichukue mimi."

"Kwa nani nitakuwa nafanya kazi?"

Chumbani Donya Nurys alikohoa, halafu akauliza kwa sauti iliyokwisha nguvu kama kuna mtu amefungua dirisha.

"Wewe ndiye mkubwa wangu," alisema mzee. "Ukitaka niende nyumba nyingine, nioneshe nyumba."

Juu ya meza palikuwa na daftari la wapiga kura, nakala ya chama, lenye picha za watu wote wa jimbo, lililoletwa asubuhi kwa ajili ya mawakala. Yanelba alilifungua. Alijiambia atatafuta mtu mbaya, na akawapata, mwizi wa maji ya mfereji, mpiga mke, lakini mwizi alimpa kiti siku moja ya jua kali, na mpiga mke ana mtoto katika darasa lake la tatu. Basi akajiambia atatafuta asiyemjua, akapindua kurasa haraka, kijiji kwa kijiji, na kila uso ulikuwa na nyumba, na kila nyumba alikuwa ameketi na kunywa kahawa, huyu alimpa maji, huyu alimwombea, huyu alitembea naye mpaka barabarani amwoneshe njia, kwa maana alikuwa mgombea mwema, alikuwa ameshika mikono yao yote, na chumbani mama yake alikuwa ameanza kutetemeka kiasi kwamba kitanda kiligonga ukuta, na harufu ya udongo ilikuwa imefika mpaka huko.

Karibu na mwisho, Palo Blanco, alikuta uso mgeni. Darlenis Mateo, miaka kumi na minane. Uso wa duara, hakutabasamu kwenye picha.

Yanelba aliweka kidole.

Mzee akavaa kofia yake, akaaga vizuri, akatoka. Kitanda kikaacha kugonga. Baada ya muda Donya Nurys akasema blanketi lina joto, nani kanifunika mimi na jua hili?

Jumapili Kandili ilishinda. Lakini kabla ya matokeo, saa tano asubuhi, mwanamke mmoja mwembamba alifika mlangoni akiwa na viatu viwili tofauti.

"Mwalimu, samahani. Ni binti yangu, Darlenis. Ameamkia... hakuamka. Alikuwa ameshapiga pasi blauzi yake. Ingekuwa kura yake ya kwanza, alikuwa anasema ni wewe tu. Nimekuja mwenyewe kukuomba uje, maana wanasema wewe hukosi."

Donya Nurys ndiye aliyetoka jikoni, mzima, mashavu yamerudi rangi, akamkumbatia yule mama, akamfuta uso kwa aproni yake.

"Pole, mwanangu, pole. Mungu angenichukua mimi niliyekula chumvi nyingi, akakuachia mtoto wako. Haki ya Mungu ningekubali, hata asingeniuliza mara mbili." Akamgeukia binti yake. "Umesimama nini? Vaa viatu twende."

Yanelba akavaa viatu, akawafuata.