Pingamizi Kwanza

Umeme uliporudi Somanda, mjini Bariadi, saa tisa alasiri, printa ya steshenari iliyo jirani na hospitali ilitema kwa mkupuo karatasi za watu wote waliokuwa wakiisubiri tangu asubuhi. Kila mtu akajichotea zake na kukimbilia bodaboda. Eufrasia, aliyevaa gauni la kitenge cha kijani na nywele kazisuka mistari, alifika nyumbani ndipo akaona amebeba taarifa ya visima vya vijijini.

Jioni simu yake ikaita.

"Habari, dada. Naitwa Nassib, wa idara ya maji. Nina karatasi zako hapa, zinahusu utangulizi wa falsafa ya zama za kati. Namba yako imeandikwa juu."

"Na mimi nina visima vyako."

"Basi tuonane kabla hujavifukia."

Wakakutana kesho yake alasiri kwenye mgahawa wa chai. Nassib alikuwa mtu wa Pangani, miezi minane tu Bariadi, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Mwangaluka," akasalimia kwa kujivunia Kisukuma chake.

"Hiyo ni ya asubuhi, kaka. Saa hizi mpaka jioni tunasema mwadila."

"Basi nimekupa ya kesho. Kesho usinidai."

Eufrasia akacheka, na ukicheka na mtu hivyo siku ya kwanza, ujue umeshafungua mlango. Akamweleza kwamba amepata nafasi chuo kikuu Mwanza, baada ya miaka minne ya kuchuma pamba kwao Lingeka na kuuza katika duka la dawa mjini.

"Na hao waliokufa miaka mia nane iliyopita watakusaidia nini?"

"Watanifundisha kubishana. Waislamu wa kwenu na Wakristo wa kwetu walisomana vitabu, ulijua? Na shule zao zilikuwa na kanuni. Hujibu hoja ya mpinzani mpaka kwanza uiseme wewe mwenyewe, vizuri, mpaka yeye akiri, 'Ndivyo.'"

"Hata kama mpinzani ni mjinga?"

"Hapo ndipo kazi ilipo. Tuanze na wewe."

Wakaifanya sheria yao. Wakigombana juu ya simu isiyopokelewa au ahadi iliyochelewa, mmoja husema, "Pingamizi kwanza, mpenzi," na mwenzake hulazimika kuisema hoja ya mwenziwe. Mara nyingi ugomvi uliishia katikati, kwa kicheko. Miezi mitano walipendana hivyo, na kama mapenzi yangekuwa ya watu wawili tu, hadithi ningeimalizia hapa.

Nassib alikwenda Lingeka peke yake, bila kumwambia Eufrasia, kumwomba Mzee Mwandu binti yake. Mzee alikuwa mkulima wa pamba na mzee wa kanisa. Alimkaribisha maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Una adabu, kijana. Ila dini zetu hazilali zizi moja. Mkopo wa chuo binti yangu ameukosa, na ng'ombe wa kumsomesha ninao mimi. Ukimwacha, atasoma. Ukimchukua, siuzi hata ndama."

Nassib alikuwa na wadogo wanne waliomtegemea Pangani. Ada asingeiweza. Alimaliza maziwa, kisha akatoa neno lake kwamba atamwacha Eufrasia. Wiki ile ile aliomba uhamisho, akamwandikia Eufrasia, "Soma. Nisamehe," na hakupokea simu tena. Eufrasia alipiga mara thelathini. Kisha akamchukia, kwa bidii, kwa majuma matatu.

Siku moja kabla ya safari, baba yake alipokuwa akilifunga kamba sanduku lake, akasema kwa kusifia, "Yule wa Pangani ni mtu wa neno, ng'wanone, mwanangu. Nilimwambia akuache usome, akakubali."

Eufrasia aliliacha sanduku. Alitoka, akaazima simu ya jirani, namba ambayo Nassib asingeitambua, akampigia.

"Gari la Mwanza linaondoka stendi ya Bariadi kesho saa nne asubuhi. Njoo useme pingamizi langu."

Nassib alifika na shati lisilopigwa pasi.

"Sema," Eufrasia alisema.

"Utasema, wanaume wawili walikaa wakaniamulia maisha, na mimi nipo hai, nina akili, nina simu. Utasema, Nassib aliniacha kwa woga, kwa kuwa alijua ningekataa."

"Ndivyo." Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Nawe utasema, angenichagua mimi. Na kila msimu wa pamba, akiwaona wenzake wamerudi likizo na vitabu vyao, angenyamaza, na kimya chake kingeniua. Heri anichukie akiwa darasani."

"Ndivyo."

Kondakta aliwaita abiria wa Mwanza. Eufrasia alikuwa amekuja na hasira ya kumtosha mpaka mwisho wa safari, na sasa hakuwa nayo. Alikuwa amemtetea yule mtu kwa maneno mazuri kuliko ambayo yeye mwenyewe angejitetea nayo.

"Nani anajibu sasa?" Nassib aliuliza.

"Kwenye shule zile za kale alijibu mwalimu. Hapa hatuna." Akajifuta kwa upindo wa kitenge. "Nikimaliza miaka mitatu?"

"Neno nililompa baba yako halina tarehe, mpenzi."

Eufrasia hakumlazimisha kulivunja. Angemlazimisha, Nassib asingekuwa tena yule aliyempenda. Alipanda gari, akaketi dirishani, na Nassib akasogea akaushika mkono wake uliokuwa nje.

"Mwadila," alisema.

"Saa nne asubuhi hii, Nassib. Bado hujajifunza."

"Nimejifunza. Hiyo ni ya jioni. Jioni hutakuwepo."