Mstari Usiochorwa

Orrin Haslett hakuwa na koti la baridi. Hakuwa na mke, wala mchumba, wala mama wa kumwuliza ataoa lini. Hakuwa na ofisi, maana ile aliyochorea majengo marefu ilikuwa imefungwa, kama nyingine nyingi za Philadelphia katika miaka ile ya njaa, uchumi ulipoanguka. Alikuwa na kibarua cha serikali tu: kupima nyumba za kale na kuzichora kabla hazijabomolewa.

Asubuhi moja sokoni, katikati ya wauza nyama na jibini, aliinama kuokota tufaha, na futi yake ya kukunja, iliyochomoza mkobani, ikamvua msichana kofia.

"Siku hizi mnapima vichwa vya watu, bwana?"

"Samahani, bibie. Napima nyumba. Leo naenda kwa akina Wilmott, kule Germantown."

Msichana akacheka hadi kikapu kikatikisika. Gauni lake la kijivu halikuwa na ua wala lesi. Shingo ndefu ilitosha kuwa pambo.

"Basi ufute viatu mlangoni. Tacy Wilmott ndiye mimi."

Nyumba ile ilikuwa ya mawe yenye chembe za kung'aa. Zamani ilitazama mashamba ya kitani. Sasa mji ulikuwa umeizingira, na tramu zilitikisa madirisha yake. Milango ilikuwa mifupi, ngazi ya mwaloni imelika katikati kwa nyayo za vizazi. Barabara mpya ilitakiwa kupita hapohapo. Kamati ya mji ingeiokoa kwa sharti moja: iwe imejengwa yote, pembe hadi pembe, kabla ya nchi kupata uhuru. Tacy na mama yake hawakuwa na nyumba nyingine.

Wakapima pamoja kwa majuma kadhaa, Tacy akishika ncha ya utepe. Jioni moja Orrin alimpigia simu kutoka duka la dawa, na Tacy ndiye aliyeanza.

"Umekula, mchora nyumba?"

"Nimekunywa supu. Ladha yake siijui, nilikuwa nakuwaza wewe."

"Muongo mkubwa! Mama anasema vidole vyako vimekonda, vinataka mke."

"Vidole tu?"

"Na mwenyewe nyuma yake, mpenzi."

Siku ya kupima sebule ya magharibi, Orrin alikuwa peke yake plasta ilipodondoka. Nyuma ya plasta hiyo mawe hayakushikana. Mstari ulisimama wima toka sakafuni hadi darini: nyumba ya kwanza iliishia pale. Nusu nzima ya magharibi iliongezwa na kitukuu wa mjenzi, karne moja baadaye, nchi ikiwa huru tayari, kwa kuiga kazi ya wazee wake. Orrin akausiliba ukuta upya haraka. Kwenye mchoro akaunganisha mawe kwa penseli, nusu mbili zikawa nyumba moja, akatia sahihi na kuupeleka kwa kamati. Alijiambia anamlinda Tacy.

Hakuwajua Marafiki, Wakristo wa dhehebu la akina Tacy. Hao hawaapi hata mahakamani; neno lao la kila siku ndilo kiapo chao.

Plasta mpya ikakauka kwa rangi tofauti na ya zamani. Tacy akaibandua kwa kisu cha jikoni, kisha akamwita.

"Hili uliliona?"

"Nililiona."

"Na bado ukachora vile, ukatia sahihi?"

"Tacy, wataivunja! Mtalala wapi wewe na mama?"

"Kwa hiyo nilale ndani ya uongo?"

"Ni mstari mmoja tu, mpenzi wangu."

"Nikiwa mkeo, Orrin, kila siku nitajiuliza mingine umeificha wapi."

"Nitaurekebisha mchoro. Ukiona nimeurekebisha, utanirudia?"

Tacy akafuta vumbi la plasta kwenye kisu.

"Hapana. Mimi na Mama tunakwenda kwa mjomba, Ohio. Ulichora wewe, useme wewe. Lakini usiseme kwa ajili yangu."

Garimoshi lao liliondoka Jumatatu. Jumanne Orrin alichora upya, na safari hii mstari akaukoleza kwa wino. Akaiandikia kamati: mchoro wa kwanza ni wa uongo, uongo huo ni wangu, Bi Tacy hakujua. Alifahamu kwamba barabara itapita, kibarua kitakwisha, na Ohio haitaleta jibu, kwa kuwa huko hakuandika barua yoyote. Akakunja karatasi, akalamba gundi ya bahasha, akaibonyeza kwa dole gumba. Akavuka barabara mbele ya tramu, bila koti, akaitumbukiza katika sanduku la posta.