Salamu Ambazo Binti Hakutuma

"Hivi jirani, friji yako inaharibika kila wiki, au ni fundi ndiye aliyeharibika?"

Aliyeuliza ni jirani mfuga kuku, kichwa kimechungulia juu ya ukuta, ndoo ya pumba mkononi. Bi Mwiko akamjibu upesi upesi, "Chombo chakavu, dada. Nifanyeje?" Ndani, Fundi Baridi alikuwa ametulia kitini na chai yake, bisibisi hata haijatoka mkobani. Alicheka hadi chai ikampalia.

Siku ile ilikuwa kichekesho. Uongo mdogo huchekesha, kwa kuwa bado hauna meno.

Bi Mwiko alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu ya mwiko wake mrefu kama kasia. Alikuwa mjane wa miaka mingi na mtu wa maombi. Siku ya kumzika mumewe alimshika mkono binti yake wa pekee mbele ya kaburi, akasema watu wote wakisikia: "Mimi na mambo ya wanaume basi. Nimebaki na wewe na Mungu." Binti akakua, akawa mkunga, na maneno yale akayatembeza kila mahali. "Mama yangu? Kama yeye hawazaliwi tena."

Basi ataanzaje kumwambia mwana kama huyo kwamba moyo umegeuka? Alishindwa. Ndoa yake na Fundi Baridi ilifungwa mji mwingine, mbele ya mchungaji na mashahidi wawili, kimya kimya kama watu wanaohama usiku.

Fundi naye alikuwa amefiwa na mke, na mtoto hakujaliwa. Swali lake likawa moja tu.

"Binti yetu amesemaje?"

"Amefurahi. Anakusalimia sana."

"Kweli? Na mimi ananiitaje?"

Bi Mwiko alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Anakuita baba."

"Baba," Fundi akarudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Haya. Mungu ni mwema."

Kwa binti nako ujumbe ulikwenda: "Mwanangu, nakwenda nje ya nchi na akina mama wa kanisa kwenye wiki ya maombi. Nikumbuke."

Ndipo wakasafiri, mke na mume, mwendo wa fungate ya wazee.

Mji ule wa ng'ambo ulikuwa kama umemwagwa kutoka mlimani, ukasimama ulipokuta maji. Nyumba zilipandana, ngazi zilizunguka, na kila kona ukitokeza unakuta bahari inakusubiri. Walitembea polepole, kwa magoti waliyokuwa nayo. Wakaona ngome ya zamani, wakaona jumba la maonyesho ya makombe ya baharini, wakasimama kwenye soko la samaki kuwatazama wauzaji wakirushiana samaki kama mipira.

"Unauona ule mlango wa bati, nyuma ya hoteli yetu, pale kwenye mapipa?" Fundi alimwuliza.

"Nauona."

"Huo ndio mji niliouishi mimi ujanani. Kazi yangu ilikuwa vyumba vya barafu vya jikoni. Bahari nilikuwa naisikia tu, kuiona siioni. Nikasema, siku nikirudi hapa nitapita mlango wa mbele, na mke wangu mkononi."

"Na umepita."

"Nimepita, na mlinzi kanipigia saluti! Uliona?"

"Niliona. Nawe ukamrudishia kama jenerali. Maskini, alikuwa anajikinga jua."

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Bi Mwiko alijiona msichana. Ila kila simu ilipoita mkobani, kicheko kilimkauka mdomoni.

Asubuhi moja simu iliita hadi akaona asipopokea atatiliwa shaka. Fundi alikuwa ameshuka kufuata chai. Akapokea. Uso wa binti yake, Mkunga, ukajaa kwenye kioo cha simu.

"Mama! Mbona hupokei? Na mbona umependeza hivyo? Maombi gani hayo ya hereni?"

"Leo... leo tuna ibada kubwa, mwanangu."

"Haya, niombee na mimi. Zamu zinaniua."

Mlango ukafunguka. Fundi Baridi akaingia na vikombe viwili, anaimba chini chini. Aliposikia sauti ile akajua ni ya nani. Uso ukamkunjuka. Akaweka vikombe chini, akanyoosha kola ya shati, akasogea kama mtu anayekwenda kumwona mwanawe kwa mara ya kwanza.

"Mama, nani huyo nyuma yako?"

Hapo ndipo ulimi wa mtu hupimwa. Wa Bi Mwiko ukateleza palepale ulipozoea kuteleza.

"Ni fundi. Fundi wa hapa tulipofikia. Kaja kuangalia friji."

Fundi alisimama. Alimtazama mkewe kitambo, hakukunja uso, hakusonya. Kisha akageuka, akapiga magoti mbele ya kifriji cha chumbani, akafungua, akaweka kiganja ndani, akafunga.

"Inapoza vizuri, mama," alisema, mgongo umeielekea simu. "Samahani kwa kuwasumbua."

Akatoka, chai yake ameiacha pale.

Bi Mwiko alimtafuta ufukweni, hayupo. Akamtafuta kwenye mabenchi ya wazee, hayupo. Alimkuta nyuma ya hoteli, kwenye mapipa, amekaa juu ya kreti la soda karibu na mlango wa bati.

"Mume wangu, umekaa kwenye taka?"

"Fundi akae wapi, mama?"

Lile "mama" lilimchoma. Tangu waoane hakuwahi kumwita hivyo.

"Nisamehe. Nilishtuka."

"Mtu akishtuka husema lililo karibu na mdomo. Mimi karibu na mdomo wako ni fundi." Akakung'uta vumbi gotini. "Nikuulize. Zile salamu za binti ulizokuwa unaniletea, ulizitoa wapi?"

Bi Mwiko akayatazama mapipa.

"Nakuuliza wewe."

"Nilizitunga."

"Na lile la baba?"

Bi Mwiko akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. "Na lile pia."

Fundi akatikisa kichwa. "Mwanamke wa maombi! Ungenitungia hata mali ningecheka. Ukanitungia mtoto? Mimi?"

Wapishi wawili walitoka kumwaga maji, wakawapita bila kuwaangalia. Bi Mwiko alitamani ardhi ipasuke immeze. Alizoea kusimama mbele ya wanawake wenzake kushuhudia, na leo hakuwa na neno hata moja la kusimamia.

Mchana walikuwa wamekata tiketi ya mashua ya kwenda kwenye mnara wa taa. Fundi hakutaka kubaki. "Twende. Umekuja kuona mji, uuone." Lakini alitembea nyuma yake, mkoba wa mkewe ameubeba begani, kama mchukuzi. Mpiga picha wa watalii akawaashiria wakae karibu. Fundi akasogea pembeni, akamwonyesha kidole mkewe: mpige huyo. Bi Mwiko akapigwa picha peke yake, akitabasamu kwa meno tu.

Njiani simu ikalia mkononi mwa Bi Mwiko. Ujumbe.

"Mama nimekaa nikaikumbuka ile sauti. Ni yule Fundi Baridi wa friji yetu. Kakufuata nchi za watu kutengeneza friji?? Au naye kaokoka? Nijibu."

Akampa Fundi simu asome.

Fundi akasoma, akamrudishia. "Mjibu upendavyo. Mwambie tumefanana sauti, duniani wawili wawili. Sitakupinga."

"Halafu?"

"Halafu tukirudi, kila mtu kwake. Kufa peke yangu naweza, nimeshajizoeza. Kuwa fundi ndani ya nyumba yangu siwezi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Hasira huwa inapoa. Mtu huyu alikuwa amekwisha kupoa.

Chini ya mnara palikuwa na mkahawa wa meza za kitambaa cheupe. Wakaletewa samaki, hakuna aliyemgusa. Bi Mwiko aliinamisha kichwa akaomba, si kwa maneno marefu ya mbele ya watu, bali ombi moja tu: Mungu, nifungue mdomo. Kisha akaiegemeza simu kwenye bakuli la sukari, akampigia bintiye mwenyewe, kwa picha.

Mkunga alikuwa nyumbani, mezani, bado na sare ya kazi.

"Haya mama. Nakusikiliza."

"Mwanangu, sikiliza na kutazama." Akaigeuza simu. "Unamwona huyu?"

"Namwona. Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu," Fundi akaitika.

"Huyu ni mume wangu," Bi Mwiko akasema. Alisema kwa nguvu hadi meza ya pili wakageuka. "Wa ndoa. Wa mchungaji. Asubuhi nimemkana mbele yako, na huku si kwenye maombi. Tumekuja kutembea."

Mkunga alivua kofia ya kazi, akaiweka mezani, akailaza vizuri.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mavuno yaliyopita."

"Na yale ya kaburini?"

"Niliyasema kwa uchungu. Nikaona aibu kuyarudisha."

"Aibu!" Mkunga akacheka kicheko kikavu. "Mama, kazini kwangu kila siku nawaambia wanawake, mficha uchi hazai. Wageni wananisikiliza. Mama yangu mzazi kanificha mimi." Akasogea karibu na kioo. "Nikuambie kitu? Sina neno na ndoa. Ningelia siku moja, ya pili ningeshona sare ya harusi. Lakini umesema unakwenda kwenye maombi, nami nikafunga. Wiki nzima nimefunga, mama. Nazalisha watu njaa inanizungusha kichwa, nasema acha, mama yangu yuko mbele za Mungu, nimshike mkono. Kumbe uko mezani na samaki."

Bi Mwiko aliangalia sahani. Jicho la samaki lilikuwa linamtazama. Alishindwa hata kuisukuma.

"Fundi," Mkunga akaita. "Na wewe ulijua kwamba sijui?"

Fundi alimtazama mkewe. Angeweza kumfunika kwa neno moja. Bi Mwiko akatikisa kichwa: usinifunike.

"Hapana, mwanangu. Mimi niliambiwa umefurahi. Niliambiwa unanisalimia."

"Nilikusalimia mimi?"

"Na kwamba unaniita baba."

Mkunga akafunga macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

"Kwa hiyo tumedanganywa wote wawili."

"Wote wawili," Fundi akakubali.

"Nisameheni," Bi Mwiko akasema. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, hakuyafuta. "Msiba wa kujitakia hauna kilio, najua. Siombi mnionee huruma. Nimewafanya wajinga watu wawili nilio nao duniani, na jina la Mungu nikalifanya pazia. Mwenye neno la kuniambia aniambie, nimekaa, siendi popote."

Meza ya pili walikuwa wameacha kula. Lugha hawakuijua, lakini kilio cha mtu mzima hakihitaji mkalimani. Zamani angejifunika mtandio. Safari hii aliuacha mabegani, uso wazi, aonekane.

Fundi Baridi akanyanyua kiti chake, akakizungusha meza, akakiweka kando ya kiti cha mkewe, bega kwa bega, ili kioo kiwaone wote wawili. Hakumshika mkono. Alikaa tu.

"Mwanangu," akasema, "fungua kwanza mfungo. Kula kitu. Mengine tutagombana na mama yako baadaye, mimi na wewe upande mmoja."

Mdomo wa Mkunga ulicheza, haikujulikana kama ni cheko au kilio. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akarudi kwa mama yake, akamtazama muda mrefu kama mtu anayejifunza sura upya. Kisha akasukuma kiti, akaiacha simu pale mezani ikiwaka, haijakatwa, akaelekea jikoni.